Gemu za vita za bei nafuu kwenye PSP: pima kwanza akili ya kikosi

Kazi yangu ni kuandika programu za gemu, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni akili ya wale askari wenzako unaopewa wakufuate vitani. Hapa Moshi mashine za gemu za mkononi bado zinatembea. PSP, zile za Sony, zinakuja na mitumba, zinabadilishwa kioo, zinauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi akidunduliza ataifikia, na gemu zinazogombewa ni za vita. Ndiyo maana vijana wa Pasua na Majengo hawaishi kuniuliza: "Kaka, hii ya bei rahisi ni kali, au nitajuta?"

Mimi siangalii picha kwanza. Kwenye gemu ya kikosi, tena ya mashine ndogo, cha kupima ni wenzako. Wakijua kazi, utasamehe kuta za rangi moja na miti inayofanana. Wasipoijua, milipuko iwe mizuri namna gani, baada ya misheni mbili utaizima.

Tuanze na mashine yenyewe, maana shida nyingi chanzo chake ni hapo. PSP ilitoka Japani Desemba 2004 ikiwa na memori ya megabaiti 32, na kati ya hizo gemu inaachiwa 24. Zilizobaki ni za mfumo. Prosesa yake inaweza kufika megahezi 333, lakini Sony iliibana kwenye 222 ili betri isiishe mapema, na kufuli hilo likafunguliwa mwaka 2007 na toleo la 3.50 la mfumo. Piga hesabu: mizunguko, yaani hatua ndogo za kazi za prosesa, milioni 222 kwa sekunde, na gemu inachora picha 30 kwa sekunde. Kila picha inabakiwa na mizunguko milioni 7.4. Humo humo uchore mandhari, upige sauti, ukokotoe risasi imempata nani, ndipo askari wako apate zamu ya kufikiri. Studio yenye fedha kidogo haina muda wa kukamua kila mzunguko, kwa hiyo inapunguza kitu. Na ni rahisi sana kupunguza akili, kwa sababu akili haionekani kwenye picha za nyuma ya kasha.

Kinachokula nguvu zaidi ni swali dogo: je, namwona adui? Kulijibu, programu inavuta mstari kutoka jicho la askari hadi kwa adui, halafu inakagua kama kuna ukuta katikati. Askari wanne na maadui wanane ni mistari 32. Ukiikagua yote katika kila picha, gemu inaanza kukwamakwama. Dawa yake ni zamu: huyu anafikiri kwenye picha hii, yule kwenye inayofuata, na mchezaji hagundui kwamba askari wake amechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Sehemu za kujibanza nazo mara nyingi askari hazitafuti mwenyewe. Mbunifu wa ramani amezitia alama kwa mkono, moja baada ya nyingine: hapa pana kinga, risasi za upande ule hazifiki. Ukimwona mwenzako amechuchumaa nyuma ya gunia la mchanga huku mgongo wake uko kwa adui, jua alama zile ziliwekwa haraka haraka, na ramani nzima huenda iko hivyo.

Kuna waliolitatua hili kwa busara ninayoiheshimu sana. Studio ya Zipper Interactive, waliozoea kumpa mchezaji wa PS2, mashine ya Sony ya nyumbani, kikosi cha watu wanne katika mfululizo wa gemu za SOCOM, walipoleta Fireteam Bravo kwenye PSP mwaka 2005 walikiacha na watu wawili: wewe na mwenzako mmoja. Wengine waliona ni kupunguziwa. Mimi naona ni uamuzi wa mtu anayeijua mashine, kwa sababu mwenza mmoja anayetii ana faida kuliko watatu wanaozibiana njia.

Na hilo la kuzibiana njia ndilo jaribio langu la kwanza nikipewa gemu nisiyoijua. Naingia kwenye chumba chenye mlango mmoja, nawaita wote, halafu natoka ghafla. Programu imempa kila askari njia fupi kuliko zote, na njia zote zinapita pale pale mlangoni. Pasipokuwa na kanuni ya kupishana, wawili wanakutana kizingitini, kila mmoja anatembeza miguu bila kusogea, na wewe umefungiwa ndani maadui wakija. Kijana aliyekaa pembeni atasema tu, "Kaka, huyu kaganda." Gemu iliyofikiriwa vizuri humpa mchezaji kipaumbele: ukimsukuma mwenzako, anarudi nyuma hatua moja na kukupisha. Marekebisho yake hayana gharama kubwa. Kukosekana kwake kunaonyesha kwamba kabla gemu haijauzwa, hakuna aliyeicheza kwa makini.

Jaribio la pili ni amri. Waliopita JKT wanajua seksheni, yaani kikosi kidogo cha askari, haisogei yote kwa pamoja. Wengine wanamimina risasi adui asiinue kichwa, wengine wanazunguka ubavuni. Gemu ya Brothers in Arms iliujenga mchezo wake wote juu ya hilo: alama nyekundu juu ya adui inageuka kijivu kadiri anavyobanwa, nawe unajua sasa ni wakati wa kuzunguka. Kwenye gemu ya bei nafuu, waamuru wenzako wafyatue, kisha toka ubavuni. Kama adui aliyemiminiwa risasi anakugeukia wewe bila hofu, amri zile ni pambo.

Sauti nazo zisikilize. F.E.A.R., gemu ya kompyuta ya mwaka 2005, ilisifiwa kwa maadui wanaoshirikiana, na sehemu kubwa ya sifa ile ilitokana na maneno wanayopigiana kelele: wanatangaza wanachofanya, nawe unahisi wamepanga. Maneno mafupi machache hayali memori nyingi, kwa hiyo hata gemu ya bei nafuu inaweza kuwa nayo.

Kuhusu kulenga, PSP ina kijiti kimoja tu cha kuongozea, kwa hiyo msaada wa kulenga usiulaumu. Bila huo utakuwa unahangaika na vitufe huku unapigwa.

Halafu angalia kama kasha limeandikwa kwamba gemu inachezwa na watu kadhaa kwa ad hoc. PSP mbili zinaungana zenyewe kwa Wi-Fi, bila bando wala intaneti, na mwenza wa kweli anaziba kila pengo la akili ya programu. Kabla hujalipa, uliza pia kama kila mmoja wenu lazima awe na diski yake. Gemu nyingi zinadai hivyo, kwa hiyo bei ya kuilinganisha ni ya diski mbili.