Kichujio kikichoka, kitupwe wapi?

Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa na bika ya maji ya manjano, mfano wa chai ya rangi iliyopauka. Rangi hiyo hutuambia kuwa chembe nano za madini ya fedha zimeshaumbika. Upana wake ni makumi ya nanomita tu. Unywele mmoja hufika nanomita 80,000 hivi. Alichota sampuli yake, akafungua bomba, akamwaga iliyobaki kwenye sinki.

Nilimwuliza, "Sinki hii inamwaga wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

Tukatoka, tukalifuata bomba nyuma ya jengo mpaka shimo la maji taka. Chini yake kidogo kuna migomba na tuta za mchicha. Aliziangalia kimya. Siku ileile alitafuta dumu, akalibandika karatasi: TAKA ZA FEDHA. Likijaa tunaziyeyusha chembe kwa asidi ya naitriki, kisha tunatia chumvi, fedha inatuama chini kama unga mweupe, tunaikusanya.

Tunaitumia fedha kwenye vichujio vya maji kwa kuwa inaua bakteria. Lakini haichagui. Wa kipindupindu inawaua, na wale wanaoozesha taka shimoni au kurutubisha udongo inaweza kuwaua vilevile.

Huku Arusha haraka yetu ya kutengeneza vichujio ina sababu. Floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye maji imewaachia watu meno ya kahawia, wengine mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hapa kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali Mtanzania, aliposhinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa kichujio chake cha nano, vijana wengi walitamani kufuata nyayo zake. Nawaunga mkono kwa moyo wote.

Ila siku moja tulipeleka kichujio chetu cha majaribio upande wa Ngarenanyuki. Nilieleza nusu saa nzima. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akauliza, "Sasa Mwalimu, kikichoka nakitupa wapi?"

Sikuwa na jibu, na niliona aibu. Fomu ya maadili tulikuwa tumeijaza yote: ridhaa ya washiriki, usiri wa majina. Kichujio kilichochoka hakikuulizwa popote, nami sikujiuliza. Mwaka 2008 Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo wa hiari unaosema mtafiti wa nano awajibike kwa athari za kazi yake kwa jamii, afya na mazingira, hata kwa vizazi vijavyo. Niliusoma zamani, nikaukubali, nikauweka kando. Mama yule aliusema kwa maneno matano.

Siku hizi mwanafunzi akileta pendekezo la utafiti, kabla hatujagusa grafu hata moja, namwuliza swali la mama yule. Wawili wamebadilisha malighafi kabla ya kuanza. Vichujio vya Ngarenanyuki tumevirudisha vyote, viko kwenye ndoo yenye mfuniko kando ya lile dumu.