Mke wa Uria, mpaka wa shamba na Krismasi ya nyumbani

Kuanzia tarehe 15 Desemba simu yangu haikai. Wengi wanaopiga wako safarini: mmoja gari lao limesimama Kitonga, mwingine keshapita Makambako, mwingine ameshuka Uyole na mvua inamnyeshea huku akitafuta gari la Tukuyu. Maswali yao yanafanana. "Mchungaji, nikifika nitamkuta kaka sebuleni. Nimpe mkono?" Au: "Mama ananiambia Krismasi hii nisamehe, yaishe. Yaishe vipi?"

Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Moravian, na kwa miaka 22 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuketi na familia zilizokosana. Nimejifunza kuliogopa hilo neno "yaishe". Karibu kila mara huambiwa yule aliyeumizwa, tena na watu wanaotaka tu pilau iliwe kwa amani.

Nami niliwahi kuwa mtu wa "yaishe". Miaka yangu ya mwanzo Rungwe, niliwasimamisha ndugu wawili mbele ya kanisa Krismasi asubuhi. Walikuwa wanagombea mpaka wa shamba la chai la marehemu baba yao. Wakashikana mikono, wakalia, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaenda zangu kula ndizi nyama nikijiona nimefanya kazi. Pasaka haijafika, alama za mpakani ziling'olewa usiku. Katika shamrashamra zile zote sikuwa nimewauliza swali moja: mpaka uko wapi?

Sala ya Bwana ina neno ambalo tumelizoea hata hatulisikii. "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" (Mathayo 6:12). Kitenzi cha Kiyunani hapo ni aphiemi, yaani kuacha, kuachilia kitu kiende. Na kinachoachiliwa ni deni. Mama mwenye kibanda pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, atakufundisha hili kuliko mimi: huwezi kulifuta deni ambalo hukuliandika. Lazima daftari lifunguliwe, isomwe kilo ngapi za mchele na tangu lini, ndipo mwenye mali aamue kupiga mstari. Ukimwambia mtu apige mstari kabla hajafungua daftari, unamwomba akubali kwamba hakuwahi kukopesha.

Biblia yenyewe haifichi daftari lake. Watu wengi huruka mwanzo wa Mathayo kwa sababu ya ule msururu wa majina, lakini mimi kila Desemba naanzia hapo. Wanaume wamepangwa kwa vizazi kumi na vinne mara tatu, na katikati yao wameingizwa wanawake ambao ukoo wowote wa heshima ungeweza kuwasahau: Tamari, Rahabu, Ruthu Mmoabu. Halafu yupo wa nne, ambaye Mathayo hamtaji kwa jina lake, Bathsheba. Anasema tu kwamba Daudi alimzaa Sulemani kwa yule aliyekuwa mke wa Uria.

Daudi alikuwa amemchukua mke huyo na kumfanya Uria auawe, na alikuwa ameshasamehewa. Nabii Nathani alimwambia wazi, katika 2 Samweli 12, kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Miaka elfu moja inapita, na siku ya kumtambulisha Masihi, Uria aliyeuawa vitani kwa barua ya mfalme bado yumo kwenye orodha, na mkewe bado anaitwa mkewe. Dhambi imesamehewa, na jina la aliyeumizwa limebaki mahali pake. Ukitaka hoja ya kumjibu anayesema "ukisamehe, usahau", mjibu kwa Mathayo 1:6.

Baada ya hapo ndipo nafika kwa Yusufu. Katika maigizo ya Shule ya Jumapili, Yusufu hupewa yule mtoto asiyeweza kukariri, maana hana hata sentensi moja katika Injili zote nne. Mathayo 1:19 inasema alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha Mariamu, mchumba wake aliyeonekana ana mimba, akaazimu kumwacha kwa siri. "Kumwacha" hapo ni apolyo kwa Kiyunani, na ndilo neno ambalo Luka analitumia aliposema "achilieni, nanyi mtaachiliwa" (6:37). Kiswahili chetu kinatenganisha kumwacha mke na kumwachilia mfungwa. Kiyunani kinatumia mlango mmoja kwa wote wawili.

Sisemi kwamba Yusufu alimsamehe Mariamu. Hakukuwa na la kusamehe, Mariamu hakuwa na kosa. Lakini usiku ule, kabla ya ndoto, Yusufu hakulijua hilo. Kwa kadiri ya alichokijua ametendewa vibaya, na Kumbukumbu la Torati mlango wa 22 ungempa haki ya kupiga kelele. Anaumia, na bado anaamua kwamba uchungu wake hautalipwa kwa kumwanika mtu. Hapo ndipo malaika anamjia na kazi moja: "nawe utamwita jina lake Yesu."

Kwa mtu wa kwetu, ambako jina la ukoo ndilo linaloamua nani ataitwa kwenye kikao na nani atakaa jikoni, hilo si jambo dogo. Ile kamba ya "akamzaa, akamzaa" inakatika inapomfikia Yusufu. Yeye anaitwa mume wa Mariamu tu. Yesu anaingia katika ukoo wa Daudi kwa sababu seremala mmoja alikubali kumpa jina mtoto asiyemzaa.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nilifika Rungwe mgongoni mwa mama, na baba aliyenilea alinipeleka mwenyewe kubatizwa akatamka jina la ukoo wake bila kumeza mate. Alipofariki, wadogo zangu wakanikumbusha kwamba nilikuja na mama. Shamba likagawanywa, na mpaka wa kipande changu ukasogea. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu daftari, nami ninalo.

Sisi Wamoravian tunapenda kusimulia tarehe 13 Agosti 1727, pale Berthelsdorf, Ujerumani, watu wa kijiji cha Herrnhut waliposhiriki Meza ya Bwana na mioyo yao ikayeyuka. Huwa tunasahau kusimulia yaliyotangulia. Herrnhut ilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika ardhi ya kabaila Zinzendorf, na katika miaka mitano ilikuwa imejaa ugomvi. Zinzendorf akahamia kwao, akazunguka nyumba kwa nyumba kusikiliza. Tarehe 12 Mei 1727 wakatia sahihi maagano ya namna ya kuishi pamoja. Miezi mitatu baadaye ndiyo machozi yakaja. Karatasi kwanza, kisha kilio. Mimi kwenye ule mpaka wa chai nilifanya kinyume. Mwaka 1732 walianza kutuma wamisionari ng'ambo, na mwaka 1891 wakafika chini ya mlima Rungwe. Tulizaliwa na watu waliokwisha kugombana vizuri na kupatana vizuri.

Kwa hiyo siku hizi nikiitwa nyumbani kwa watu kipindi hiki, nasikiliza kila upande peke yake, na sikubali kikao tarehe 25. Siku hiyo watu wamevaa, watoto wanataka soda, na aliyeumizwa anajua kabisa kwamba akisema "bado" yeye ndiye atakayeitwa mharibifu wa sikukuu. Tunakaa kabla au baada. Kama ni mpaka, tunakwenda shambani na kamba. Kama kuna kipigo au mtoto aliyeingiliwa, sipatanishi: hilo ni la dawati la jinsia na watoto pale polisi, na ninawasindikiza. Aliyeumizwa anaweza kusamehe moyoni na bado akaenda kutoa ushahidi.

Wapo pia wanaosamehe kweli na bado hawawezi kukaa nyumba moja. Kwao nasoma Mwanzo 33. Yakobo anainama mara saba, Esau anakimbia kumkumbatia, wanalia, na mifugo inabadilisha mikono. Siku hiyo Esau anarudi Seiri, Yakobo anakwenda Sukothi. Hakuna mahali Mungu anapowagombeza kwa kutolala pamoja.

Yule dada wa Uyole nilimwambia amsalimie kaka yake "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, kama kawaida, mkono usubiri mpaka moyo uwe tayari. Akacheka, akasema gari limekuja.

Mimi nimepigiwa na mdogo wangu wa mwisho wiki iliyopita. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Kaka, ukija tarehe 23 tukapime kabla hujaonana na wengine." Nimenunua kamba ya mita 50 Mwanjelwa. Ipo kwenye begi, chini ya joho.