Aliyevaa deraya akianguka, huinuka

Ukizunguka Fort Jesus, mbele ya mizinga, hukosi kusikia kwamba askari wa Ulaya ya kale aliyevaa deraya, yaani vazi la chuma la mwili mzima, akianguka hainuki mpaka ainuliwe. Si kweli. Deraya kamili ya vita ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, tena umegawanyika mwili mzima, na kwenye viungo vipande vinakunjika.

Wanaotazama mapambano ya siku hizi, ambapo watu huvaa deraya na kupigana kama mchezo, huzidi kudanganyika, maana walioanguka hulala pale pale. Hiyo ni sheria: katika pambano la makundi, ukigusa ardhi kwa kiungo zaidi ya nyayo umetoka, unabaki chini raundi iishe.

Kijana wa Mombasa anayejiandaa kwa shindano lake la kwanza aihofie pumzi zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds wa 2011 ulionyesha kwamba kutembea na deraya hula nguvu zaidi ya maradufu, hasa kwa sababu ya chuma cha miguuni kinachoinuliwa kila hatua. Na kifua kikibanwa, mtu huhema juu juu. Ndani kuna koti nene lililojazwa pamba. Kwa joto letu la Machi, koti hilo peke yake linatosha kumwangusha mtu, kwa hiyo aanze nalo alfajiri, maji yakiwa karibu, kabla hajavaa chuma.