Je, wajua kwa nini mtu aliyevunjika shingo anaweza kufanya mazoezi hadi achoke kabisa na ngozi yake ikabaki kavu?

Pita uwanja wowote hapa Kampala wanapofanyia mazoezi watu wa wilchea, hautakosa kumsikia mtazamaji akisema "yule anajivutavuta tu, si unaona hata jasho hana." Na kweli hana. Wenzake fulana zimelowa mpaka mgongoni, yeye mkavu kama ametoka kuvaa, na ukimfunga ile saa ya kuhesabu mapigo ya moyo inasoma 115, namba ambayo mtu mzima wa afya anaipata kwa kupanda ngazi tu akiwa na mzigo. Watu wanahitimisha hapo hapo, mvivu huyo, au kocha anamhurumia.

Shida inaanzia pale tunapodhani uti wa mgongo ukiumia kinachoondoka ni miguu, na mikono kama jeraha liko shingoni, basi. Miguu ndiyo inayoonekana kwa hiyo ndiyo inayosemwa. Lakini humo humo ndani ya uti zinapita pia amri za kuongeza mwendo wa moyo, kubana na kulegeza mishipa ya damu, kufungulia jasho, kushika mkojo, mambo ambayo hakuna anayeyafikiria mpaka yagome. Na dhana hii haiko mtaani peke yake, hata gym utakuta ukutani ile hesabu ya 220 toa umri wako. Kijana wa miaka 30 anapata 190, anaambiwa afanye mazoezi kwa asilimia 70 ya hapo, yaani 133. Sasa kama jeraha lake liko shingoni na limekata kabisa, moyo wake kwa kawaida unagota kati ya 110 na 130 hata akisukuma magurudumu mpaka mikono itetemeke. Hiyo 133 anaweza asiione maisha yake yote, na mwalimu wa gym bado anamwambia kaza!

  

Tuuangalie moyo wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Moyo unafanya kazi kama boda yenye waya mbili, wa mafuta na wa breki. Injini yake ikiachwa yenyewe bila kuguswa inazunguka kama mara 100 kwa dakika, ila ukiwa umekaa breki imeshikiliwa muda wote, ndiyo maana unakuta 65 au 70. Ukianza kusukuma wilchea mwili kwanza unaachia breki, halafu ndo unavuta mafuta. Ajabu yenyewe ni njia wanazopita hawa wawili. Waya wa breki, yaani neva ya vagasi, unatoka moja kwa moja kwenye ubongo na kushuka shingoni nje kabisa ya uti, kwa hiyo shingo ikivunjika wenyewe unabaki mzima. Waya wa mafuta unashuka ndani ya uti na kutokea kwenye pingili za juu za kifua, kwa hiyo unakatika pale shingoni. Anachobaki nacho mtu huyu ni kuachia breki tu. Moyo unapanda mpaka mia na kidogo, ukisaidiwa na homoni chache zilizoko kwenye damu, unaishia hapo.

Jasho nalo linafuata njia ya uti. Aliyeumia chini karibu na kiuno anatoa jasho sehemu kubwa ya mwili kama kawaida, aliyeumia katikati ya kifua analitoa juu ya jeraha, wa shingoni karibu hana kabisa hata jua liwake vipi. Misuli inazalisha joto, mlango wa kulitolea umefungwa. Ndiyo maana wazoefu wanakuja na ile chupa ya saluni ya kupulizia maji nywele, wanajipulizia usoni, shingoni, mikononi, jasho la kujipaka tu. Siku ya unyevu maji yanakauka taratibu, feni inasaidia. Ila tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa kwa watu wachache, wengi wanamichezo wanaume, ndani ya maabara, kwa hiyo mtu wa Arua au Gulu, kule kaskazini kwenye joto la mwezi wa pili, asizichukue kama zilivyo. Na jeraha ambalo halijakata kabisa linaweza kuacha waya fulani hai, hapo kila mwili una hesabu yake.

Kwa hiyo mpime kwa pumzi, aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Miongozo ya kimataifa ya 2018 ya mazoezi kwa walioumia uti wa mgongo inataka angalau dakika 20 za hivyo mara mbili kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu, na kwa faida ya moyo na sukari dakika 30 mara tatu.

Angalizo kwa wanaomsukumia chupa za maji anywe ili apoe: anahitaji kunywa ndiyo, lakini yale maji hayatoki kwa jasho, yanaenda kibofu. Na kwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kibofu kilichojaa kinaweza kurusha presha ghafla bila yeye kuhisi haja. Ataanza kuumwa kichwa cha kugonga, uso mwekundu au wa moto, na hapo ndipo jasho linaweza kumtoka usoni, watu washangilie kwamba leo kafanya kazi. Mkalishe wima, legeza mkanda na nguo, kagua kama mpira wa mkojo umejikunja. Presha isiposhuka haraka, hospitali, tena mbio.