Kuitambua okidi mtini kabla haijachanua

Katika misitu ya Usambara na Uluguru, okidi isiyo na ua hupitwa kila siku kwa kudhaniwa kirukia. Kirukia hupenyeza mizizi ndani ya tawi na kulinyonya. Okidi imelishika gome tu, haili kitu cha mti. Kwa hiyo mimi huanza na mzizi, jani baadaye.

Beba chupa ya kupulizia maji. Mzizi wa okidi ni mnene, wa kijivu kinachoelekea weupe, kwa kuwa umevikwa ganda la seli zilizokufa linalofyonza maji kama sifongo. Upulizie kidogo, subiri, utaona ukijani unajitokeza. Mizizi ya kangaga ni ya kahawia, myembamba kama nywele, na haigeuki hivyo.

Sasa shina. Majani yakiwa safu mbili kwenye shina moja lisilovimba, uko karibu na Angraecum na Aerangis, jenasi (yaani makundi ya spishi za karibu) mbili za okidi. Tazama ncha ya jani: mara nyingi imegawanyika vipande viwili visivyolingana. Jani linalopanuka kuelekea nchani hunielekeza kwenye Aerangis, lakini siapi.

Vishina vikiwa vimevimba, tafuta bua kavu la maua ya msimu uliopita. Lina thamani kuliko majani yote. Kwa Bulbophyllum hutoka kitakoni, na kila uvimbe una jani 1 au 2. Kwa Polystachya kwa kawaida hutoka kileleni. Bua likishakatika umepoteza ushahidi, basi usilipapase ovyo. Ansellia africana haina utata: fimbo ndefu za manjano, na mizizi myeupe iliyosimama kama sindano, imedaka majani makavu.

Microcoelia ndiyo inayowachanganya watu, maana haina majani kabisa. Wengine huiita Rhipsalis, dungusi linaloning'inia mitini. Rhipsalis ina vijiti vya kijani vinavyogawanyika tena na tena. Microcoelia ni mizizi ya kijivu inayotawanyika kutoka kitovu kimoja, mithili ya miguu ya buibui.

Usitaje spishi kwa ukubwa wa jani. Okidi ileile ikipata jua kali hutoa majani mafupi, magumu. Kivulini hurefuka na kulegea. Andika jenasi, piga picha ya mzizi, kitako, ncha ya jani na bua kavu, uweke alama ya mti, urudi ikichanua. Kuibandua ukaioteshe nyumbani ni kuiua, na mara nyingi hufa kabla hujajua jina lake.