Sigara na korona: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Korona ilipoingia mwaka 2020, ndani ya wiki chache tulibadili mambo mengi: ndoo za maji tiririka milangoni, barakoa, salamu za viwiko. Sigara ikabaki palepale, na wapo walioongeza kwa hofu na kwa kukaa ndani kutwa. Kila mvutaji niliyezungumza naye siku zile alikuwa na neno la kuahirishia kuacha. Maneno hayo bado nayasikia, na maradhi ya kifua bado tunayo, kwa hiyo nayajibu.

“Moshi unaua virusi.” Watu walikuwa wakijifukiza, wakaona sigara nayo inapeleka joto kifuani. Moshi hauui virusi, unaharibu ulinzi wa mapafu. Njia za hewa zimetandikwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopunga usiku na mchana kusukuma makohozi, vumbi na vijidudu viende juu vikatoke. Moshi wa tumbaku huvidhoofisha, na kwa aliyevuta miaka mingi vingi huwa vimeshaharibika. Uchafu unabaki chini, naye analazimika kuukohoa kila asubuhi. Kifua cha namna hiyo kikiingiwa na virusi vya korona kinaanza vita kikiwa na jeraha.

Dhana hii ilipata nguvu kwa habari ya kweli iliyosomwa nusu. Aprili 2020, watafiti wa hospitali ya Pitié-Salpêtrière jijini Paris walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa wao wa korona, wavutaji wa kila siku walikuwa wachache kuliko walivyo katika jamii, wakahisi huenda nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye tumbaku, ina kinga fulani. Lilikuwa wazo la kuchunguzwa, lakini lilienea upesi kama tiba, hadi serikali ya Ufaransa ikaweka kikomo cha uuzaji wa mabandiko ya ngozi na bazoka (ubani wa kutafuna) za nikotini, vitu vya kusaidia kuacha sigara, watu wasije wakavikimbilia. Tarehe 11 Mei mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko baada ya wataalamu kupitia tafiti zilizokuwapo: mvutaji akiugua korona, uwezekano wa kuzidiwa ni mkubwa kuliko wa asiyevuta. Baadaye mabandiko ya nikotini yalijaribiwa kwa wagonjwa mahututi waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na hayakupunguza vifo. Na mwaka 2021 jarida la European Respiratory Journal liliifuta makala moja kuhusu Mexico, iliyodai wavutaji wanaambukizwa kidogo, baada ya kubainika kuwa wawili kati ya waandishi wake hawakutaja uhusiano wao na sekta ya tumbaku. Ukitumiwa habari njema kuhusu sigara, uliza kwanza nani anafaidika nayo.

“Nimevuta miaka 20, niache leo itanisaidia nini?” Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana anayelisema ameshajihukumu. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kutulia. Zikitimia saa 12 tangu sigara hiyo, kaboni monoksidi katika damu huwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida. Gesi hiyo ya moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na korona iliua wengi kwa kuwakosesha oksijeni hiyohiyo. Baina ya wiki 2 na 12 damu huzunguka vizuri zaidi na mapafu huanza kupata nguvu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara hupungua kwa nusu.

Mvutaji anayefunga Ramadhani, pwani yetu hii, anakaa saa 13 hivi bila kuvuta hata mara moja. Magharibi ikiingia, damu yake imeshajisafisha kwa sehemu kubwa. Ameshafanya kazi ngumu ya siku nzima, kisha anakula tende moja na kuwasha fegi. Ndugu yangu, hapo ulikuwa umeshaanza kuacha.

“Huu ni wakati wa mawazo mengi, si wa kuacha.” Anayesema hivi hadanganyi: anavuta, anatulia. Lakini kinachotulia ni arosto, ile kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Nikotini ikipungua mwilini mtu anakuwa na hasira, mikono haitulii, usingizi haumkai. Akivuta hayo yanaondoka, na baada ya muda yanarudi. Waliofuatilia watu walioacha waliona kwamba baada ya wiki kadhaa wasiwasi na huzuni hupungua kuliko kwa wanaoendelea. Siku za mwanzo ni kali, hilo lisifichwe. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na baada ya wiki nne hivi kwa wengi imelegea. Kila kiu ikipanda hudumu dakika chache tu: kunywa maji, piga mswaki, toka kijiweni utembee.

“Sivuti sigara, ni shisha tu.” Mkaa wa shisha unatoa kaboni monoksidi nyingi, na mrija unapita mdomo hadi mdomo.

“Wapige marufuku, watu wataacha wenyewe.” Afrika Kusini ilisimamisha uuzaji wa tumbaku kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020. Wapo walioacha, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waligundua kuwa wavutaji wengi mno waliendelea kununua kwa magendo, kwa bei iliyopaa. Uingereza walikwenda kwa kuhimizana: daktari wa Bristol alianzisha wito wa kuacha kwa ajili ya korona, na kufikia Julai ASH, shirika la huko linalopiga vita uvutaji sigara, lilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni moja wameacha tangu janga lianze. Sheria ina kazi yake, lakini aliyeshikwa na nikotini anahitaji pia mtu wa kumshika mkono.

“Nimejaribu mara tatu, siwezi.” Wengi waliofanikiwa walishindwa kwanza, mara nyingi kuliko hizo. Bidhaa za nikotini za kusaidia kuacha zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini viliongezwa 2021. Muulize mhudumu wa afya au mfamasia wa karibu kipi kinapatikana na kinakufaa.

Na wewe unayeishi na mvutaji, usimsimange na usimhesabie vipisi. Muulize arosto humbana saa ngapi. Akisema ni baada ya chakula cha usiku, basi mkimaliza kula inuka naye, mkatembee hadi mwisho wa mtaa na kurudi.