Acheni kuihariri leseni huru ili "iwe ya Tanzania"

Mwezi huu tu ni mtu wa tatu ananiletea faili anasema "wakili, tumeshairekebisha iendane na Tanzania, we pitia tu usaini". Wa kwanza alitoka Njombe na kijitabu cha parachichi, wa pili walimu wa Iringa, na huyu wa juzi ni wa hapahapa Mbeya, kaja kalowa mvua mpaka nikamwagizia chai kwanza ndo nikafungua hilo faili. Basi wamekopi maandishi yote ya CC BY-SA 4.0, ile leseni ya shirika la Creative Commons inayomruhusu yeyote kutumia na kubadili kazi yako ilimradi akutaje (BY) na akiibadili aigawe kwa leseni ileile (SA), wakachomeka "kwa mujibu wa sheria za Tanzania" karibu kila aya, wakaongeza kifungu kwamba aliye nje ya nchi aombe kibali, halafu juu wameacha jina na nembo ya Creative Commons kama vilivyo! Chai yenyewe ilinishinda.

Sasa tuiseme wazi. Dhana: leseni hizi ni za Kimarekani kwa hiyo hapa hazina nguvu mpaka zirekebishwe. Si kweli, ila sikatai kwamba ina mzizi. Zile za kwanza zilitoka Desemba 2002 na zilifuata sheria ya Marekani, ndo maana mawakili wa nchi mbalimbali wakakaa kuzishona upya kwa vipimo vya kwao, Afrika Kusini wana ya toleo la 2.5, Uganda wana ya 3.0, na zaidi ya nchi 50 zilipita njia hiyo. Mwaka 2007 likaja 3.0, lile la jumla likaachana na lugha ya Kimarekani likashika maneno ya mikataba ya kimataifa ya hakimiliki kama wa Berne. Lakini rundo la matoleo likawa kero, maana leseni jina moja ila ya nchi hii inasema hivi na ya nchi ile vile, mtu akitaka kuunganisha kazi mbili anaanza kukuna kichwa. Novemba 2013 likatoka 4.0, limeandikwa toka mwanzo litumike dunia nzima, na ule utaratibu wa toleo la nchi kwa nchi ukasimama. Siku hizi kinachofanyika ni tafsiri rasmi tu, yaani leseni ileile kwa lugha nyingine, na kutafsiri siyo kubadilisha masharti. Watu wengi wanachanganya hapo.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Hakimiliki yako hupewi na leseni, unapewa na sheria ya nchi, huku bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 na Zanzibar wana yao ya 2003. Leseni inakuja juu ya hapo kutoa ruhusa. Haikutaja sheria ya nchi gani itumike wala mahakama ya wapi, na hiyo siyo kusahau, ni makusudi. Kipengele kikigongana na sheria ya mahali kinapunguzwa kidogo tu kiasi cha kutekelezeka, kikishindikana kinatoka, vingine vinabaki. Kwa mfano Ulaya kuna haki maalum ya kanzidata, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa, leseni inaigusa kule ilipo, na pasipokuwepo haikudai chochote. Yaani hayo "marekebisho" mnayohangaika nayo usiku yamo humohumo ndani!

Na mkihariri mnajiumiza. Maandishi ya leseni kuyakopi si kosa, ila ukishayabadilisha huruhusiwi kuyaita Creative Commons wala kubandika nembo yao, hiyo sasa ni leseni yako mwenyewe ambayo hakuna anayeijua. Huyu wa juzi alikuwa na kubwa zaidi, nusu ya kitabu kaitoa Wikipedia ya Kiswahili, ambayo maandishi yake yako chini ya BY-SA 4.0, na leseni hiyo inakataza kuwaongezea watu masharti ya kuwabana. Kwa hiyo kile kifungu cha kibali kimemfanya yeye ndo mkosaji, bila kujua.

Unachotakiwa kuandika ni mstari mmoja: jina la mwandishi, mwaka, CC BY-SA 4.0 na linki ya leseni. Basi. Na mi huwa nasema kila siku, uweke ukurasa wa pili, sio jalada la nyuma, maana hawa wa stesheneri Mwanjelwa wakidurufu jalada la nyuma ndo la kwanza kuachwa.

Mengine nayapitia harakaharaka. "Lazima COSOTA wasajili kwanza ndo uweke leseni." Hao ni ofisi ya hakimiliki ya huku bara. Hapana, haki inaanza ukishaandika, kusajili kunakusaidia ushahidi siku ya ugomvi, nenda ukiweza, ila leseni haisubiri. "Kazi huru haina mwenyewe." Inaye, na asipotajwa jina ruhusa yako inakatika, ingawa kwenye 4.0 ukirekebisha ndani ya siku 30 toka ugundue inarudi yenyewe. "Nikibadili mawazo naifuta." Unaweza kuacha kuigawa, ila aliyeshaipata ataendelea nayo, kwa hiyo fikiria kabla, sio baada ya kuona mtu kaichapa Makambako.

"NC maana yake shule binafsi na kampuni hawaruhusiwi." NC ni alama ya kwamba kazi isitumike kibiashara, na kinachoangaliwa ni matumizi, sio nani anatumia. Shule inayolipisha ada ikitumia picha yako darasani siyo sawa na mtu anayeuza kalenda zenye picha hiyo pale Kabwe.

Halafu hii ya kutafsiri, hasa nyie wa Tukuyu mnaotaka kila kitu kiwe na Kinyakyusa, jambo zuri sana, ila angalieni kama leseni ina ND, yaani alama ya kwamba kazi isigawiwe ikiwa imebadilishwa. Tafsiri inahesabika ni kazi iliyobadilishwa, kwa hiyo ukiwa na ND unaweza kutafsiri ukakaa nayo nyumbani, kuigawa hapana mpaka mwenyewe akubali. Mwandikieni imeili, na mkiikosa ruhusa tafuteni kitabu kingine chenye BY au BY-SA.